Kopo la Miiba

Mwezi uliopita nilikwenda Karatu mjini kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Karamu ilifanyika katika bustani ya hoteli moja ya watalii, zile ambazo nyasi zake zinamwagiliwa hata wakati watu wa mabondeni wanagombania maji ya kunywa. MC alipoanza kupiga kelele nikajiondoa taratibu, nikazunguka nyuma ya jiko kutafuta hewa, na hapo harufu ikanikamata. Ilikuwa harufu tamu ya maua madogo meupe, na niliitambua kabla sijauona mti wenyewe. Mtunza bustani, mtu mzima mwenye mvi kama mimi, alikuwa amevaa glavu za ngozi, anapunguza kichaka kilichokwisha kumzidi kimo. Nikanyoosha mkono nishike tawi.

"Dada, angalia, huo una miiba," akaniambia.

Nikamwambia najua. Kisha nikaanza kulia mbele ya mtu nisiyemjua, nikiwa na gauni langu la kuendea harusini na kilemba changu. Yule bwana akadhani namlilia bibi harusi, akanipa pole, akasema watoto ndivyo walivyo, wanakua wanaondoka. Nikamwacha aamini hivyo.

Nilikulia Mbulumbulu, juu kule, ambako asubuhi ukungu ulikuwa unaingia ndani ya nyumba ukifungua mlango. Wenzangu wa umri wangu mtaikumbuka miaka ile. Sabuni iliadimika tukawa tunafulia majivu, na sukari ikifika duka la kijiji watu walipanga foleni tangu alfajiri, na anayekuja nyuma akikuta imekwisha anarudi nyumbani na mfuko wake mtupu kichwani. Tulikuwa tunalima ngano, mahindi na maharage, na Baba alikuwa na ng'ombe wachache aliowapenda kuliko alivyopenda kuongea. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa au kumi, mwenye miguu myembamba na maswali mengi.

Jirani yetu wa karibu kabisa alikuwa bibi mmoja Mmasai. Njia tu ndiyo iliyotutenganisha, pamoja na ua wake wa minyaa. Jina lake lilikuwa Nasieku. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa hapo hapo kwetu, Mwiraqw, aliyemtoa kwao Kakesio akiwa msichana, na inasemekana wakati ule watu walikuja kutoka vijiji vya mbali ili tu kuona shanga zake. Watoto wake hawakuishi. Mume naye akafa, macho ya bibi yakaingia ukungu mweupe, akabaki peke yake katika nyumba ile na mbuzi wanne. Alikuwa anaongea Kiiraqw chenye lafudhi, na Kiswahili cha kuokotea sokoni, na Kimaasai akiongea na mbuzi.

Baba alikuwa ametukataza kuingia kwake. Zamani, kabla sijazaliwa, wezi wa ng'ombe walikuja kutoka upande wa bonde, wakaswaga zizi zima la babu yangu, na kaka yake Baba akachomwa mkuki wa paja. Baba mkubwa huyo alichechemea mpaka siku anakufa. Kwa Baba, bibi Nasieku alikuwa amekuja pamoja na wale wezi, ingawa kwa kweli aliolewa hapo Baba mwenyewe akiwa bado analambishwa uji. Hakumtukana, hakumsengenya. Alikuwa tu akipita kwenye njia ile anatazama upande wa pili.

Mimi nilikuwa nimejitengenezea habari zangu. Niliamini macho yale meupe hayaoni watu lakini yanaona ng'ombe, hata kupitia ukuta, na kwamba anawahesabu ng'ombe wetu kila jioni wakirudi. Nilikuwa nikipita pale nakimbia, nimeziba uso, kana kwamba mimi ni ndama.

Aliyenivusha ua ni kuku. Tulikuwa na kuku mmoja mkaidi aliyekataa kutaga nyumbani, na siku moja nikamfuata nikamwona anapenya kwenye minyaa. Nikapenya nyuma yake. Upande wa pili kulikuwa na kilima cha majani, kirefu kuliko nyumba, kimefunikwa na mitambaazi na nyasi kavu, na kuku akazama humo humo.

"Nani huyo?" sauti ikauliza.

"Mimi."

"Mimi ni wengi," akasema bibi, amekaa kwenye kigoda mlangoni, anatabasamu upande ambao sikuwapo. "Njoo."

Nilikwenda kwa sababu sikujua jinsi ya kukataa. Akanyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, akasubiri. Nami nikabaki nimesimama kama mti. "Kwetu mtoto analeta kichwa," akasema. Nikainamisha kichwa, nikakiweka chini ya mkono wake, akanigusa utosini, basi. Mkono ulikuwa mkavu na mwepesi, unanukia moshi wa kibuyu. Akaniambia nimwite Koko, maana yake bibi, naye akawa ananiita nakerai, mtoto wake. Akanipa maziwa. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, na kuku hakuwa sababu tena.

"Baba akijua nakuja huku atanichapa," nilimwambia siku moja.

"Mimi sikuoni," akasema. "Nitasemaje nimekuona?"

Tulicheka sana. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yetu.

Kile kilima cha majani kilimsumbua. Alikuwa akijua kuwa chini yake kuna mti wake, alioupanda mwaka alioolewa kwa mbegu aliyotoka nayo kwao, lakini tangu mumewe afe hakuna aliyeupogoa na yeye hawezi kuona pa kuanzia. "Ni olamuriaki," akaniambia. Jina la mti huo kwa Kiswahili nililisikia baadaye shuleni, na ni jina ambalo mwalimu alilitamka haraka haraka huku darasa zima likijizuia kucheka, kwa hiyo niwieni radhi sitaliandika. Mizizi yake watu wa kwao wanachemsha na supu. Matunda yake yakiiva yanakuwa meusi, matamu, yanapaka ulimi rangi. Msimu uliopita alijaribu kuyachuma kwa kupapasa, akanionyesha mikono: ilikuwa imejaa makovu.

Basi nikaamua nitausafisha. Koleo ya Baba ya kukatia waya ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Niliichukua kila mchana Baba akiwa shamba, nikairudisha kabla hajarudi. Panga dogo alikuwa nalo Koko.

Alinifundisha akiwa amekaa kwenye kigoda chake, nami namletea matawi mkononi. Kwanza toa kila kisicho mti: vuta mitambaazi kuanzia chini, usianzie juu. Kisha kwangua gome kwa ukucha; ukikuta kijani ndani, tawi ni zima, ukikuta kahawia limekufa, likate mpaka shinani. Machipukizi yanayotoka chini kabisa yanaiba, yaondoe. Lililobaki lipunguze juu kidogo ya pale majani mawili yanapotazamana. Akishika jani analikunja, anasubiri maziwa meupe yatoke kwenye kikonyo, anayanusa, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Siku ya tatu mti ulitokea. Ulikuwa na mashina manne, majani ya kijani kizito yanayong'aa, na maua yalikuwa yanaanza kufunguka. Kutoka njiani ungeweza kuuona sasa, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Ningeishia hapo, nisingekuwa na habari ya kuandika. Lakini nilikuwa mtoto wa kutaka kusifiwa, na nilikuwa nafikiria ile mikono yenye makovu. Koko hakuniomba. Ni mimi mwenyewe niliyetaka kumpa zawadi. Nilitumia michana mitatu mingine nikikata miiba yote, mmoja mmoja, kwa koleo ya Baba, nikiibana karibu kabisa na gome ili asiguse hata kisiki. Ilikuwa mirefu, mingine inafika urefu wa kidole changu. Ilinichoma viganja, ikanichana mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa naitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia lenye kifuniko kilichopinda, na lilipojaa nikaenda kulificha chini ya kitanda changu. Nilijisikia fahari kulitikisa na kusikia jinsi inavyogongana.

Siku niliyomaliza nikamshika Koko mkono nikampeleka. Akapapasa tawi moja, akarudi nyuma kidogo, akapapasa lingine. Nikaanza kuogopa.

"Umemng'oa meno," akasema.

"Ili usichomwe, Koko."

"Sasa mifugo itamla. Miiba ndiyo mlango wake." Kisha akanitafuta kichwa akanigusa. "Usijali. Mvua ikija itarudi. Mwaka huu nitakula matunda kama binti."

Mvua ya vuli mwaka ule ilichelewa.

Haikupita wiki mbili, mtamba wetu akakutwa amekufa. Alikuwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, uzao wa ng'ombe pekee aliyesalimika siku ile ya wezi, na Baba alikuwa akimpigia mluzi anakuja mwenyewe. Alianguka kando ya njia, kwenye ua wa Koko, mahali ambapo minyaa ilikuwa imeachana kwa sababu ya kupenya kwangu, na mdomoni alikuwa na majani ya kijani kizito yanayong'aa. Baba alichuchumaa pale muda mrefu. Kisha akainua macho akauona mti.

Aliwaita wazee. Walikuja asubuhi ya siku ya pili yake, wakakaa kwenye nyasi kando ya njia, na nusu ya kijiji wakasimama nyuma yao. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Mama. Nilikuwa nimevaa sweta ya dada yangu yenye mikono mirefu kupita kiasi, na jua lilikuwa kali.

Aliyeongoza maneno ni Mzee Gwandu. Alikuwa mtu wa haki, na nasema hivyo ili mjue kwamba hapakuwa na mtu mbaya pale. Ujanani alitembea sana na wawindaji, kwa hiyo ndiye aliyejua miti. Alikata kitawi kimoja kwa ncha ya panga, akakiokota kwa jani la mgomba, hakutaka kigusane na ngozi yake.

"Mti huu una ndugu yake," akasema. "Majani ni yale yale. Maziwa ni yale yale. Maua yananukia vile vile. Mmoja una miiba, huo tunakula matunda yake sisi na watoto wetu. Mwingine hauna. Huo wawindaji walikuwa wanauchemsha siku nzima, wanapaka kwenye mshale, na nyati haendi mbali. Tofauti yao ni mwiba tu." Akakizungusha kile kitawi mbele ya watu. "Mwenye macho aangalie. Mimi sioni mwiba."

Nikaelewa. Sikuwa nimejua habari hiyo kabla ya dakika ile. Kwangu miiba ilikuwa ni kitu cha kuchoma watu tu. Na kutoka pale niliposimama niliweza kuviona visiki vidogo kwenye gome, kila penye jani, vimekauka na kuwa kahawia. Niliviona kwa sababu nilijua vilipo. Wazee wale hawakutaka kusogea karibu.

Koko alikuwa ameletwa na kigoda chake. "Huu ni olamuriaki," akasema. "Mbegu nilitoka nayo Kakesio. Mume wangu mlimjua, alikula matunda yake. Una miiba."

"Iko wapi, mama?"

"Imekatwa."

"Nani aliyeikata?"

Uso wake ulikuwa umegeuzwa upande wa watu, na ulipita taratibu, kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Sijui kama alikuwa anatafuta pumzi yangu. Mimi niliizuia.

"Mimi," akasema Koko.

Mtu mmoja akacheka. Mzee Gwandu hakucheka. "Mama, juzi nilikuona unajigonga kwenye nguzo ya mlango wako mwenyewe. Mwiba uliuonaje?"

"Nilipapasa."

"Mti mzima? Haya, tuonyeshe mikono."

Koko akainyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. Mzee akainama akaitazama, akaigeuza. Kulikuwa na makovu ya zamani, meupe, lakini hakukuwa na mchubuko mpya hata mmoja. Na mimi, ndani ya mikono ile mirefu ya sweta, nilikuwa na vigaga kuanzia vidoleni mpaka viwikoni. Nilikunja ngumi, nikahisi kimoja kinafunguka na kutoa damu.

"Kwa nini unatudanganya, mama?" Mzee Gwandu akauliza, kwa huzuni kabisa.

Hapo ndipo alipopotea. Mpaka dakika ile baadhi ya watu walikuwa upande wake, niliona kwenye nyuso zao. Lakini bibi kipofu anayesema amekata miiba elfu kwa mkono wake, na mkono wenyewe ni safi, atasikilizwa na nani? Koko akairudisha mikono mapajani. Hakunitaja. Alikuwa ameniahidi.

Baba akasimama. "Mmeona wenyewe," akasema, akageukia pale alipoanguka yule mtamba aliyempenda sana.

Nikalikumbuka kopo. Nilijiambia nikilileta, nikalimwaga pale kwenye nyasi, sitahitaji hata kufungua mdomo, miiba itasema yenyewe. Nilitoka mbio, nikaruka kizingiti, nikajitupa sakafuni nikaingiza mkono chini ya kitanda. Hapakuwa na kitu. Nilitoa ndala, nikatoa gunia, nikapapasa mpaka ukutani. Kopo halikuwepo.

Sasa sikilizeni mtoto anavyofikiri. Niliamini Koko amelichukua. Yeye mwenye macho yanayopita ukuta, ameliona kopo, akaliita likaenda, kwa sababu hataki niseme. Nikakaa chini pale sakafuni, na pamoja na hofu yote nilisikia unafuu, na unafuu ule ndio ninaouonea aibu kuliko vyote. Kopo lilikuwa limepotea, lakini mdomo nilikuwa nao. Mikono nilikuwa nayo. Ningepandisha sweta mpaka kwenye viwiko, ingetosha. Nilikaa mle ndani mpaka nikasikia watu wanatawanyika.

Mti ulikatwa ukachomwa siku ile ile, na moshi wake watu walikaa mbali nao. Kuhusu Koko, hakuna mzee aliyesema afukuzwe. Kwetu haikuwa lazima kusema. Mtu hakwenda tena kuomba moto kwake, wala hakuna aliyempa wake ulipozimika. Aliyekuwa anamchotea maji akapata kazi nyingine. Akisalimia, njia inakuwa haina watu. Kwangu mimi, pengo la minyaa lilikuwa limezibwa, na hata lisingezibwa nisingekwenda. Niliweza kumsikia jioni akiongea na mbuzi wake, na nilikuwa navuta blanketi masikioni. Baada ya siku kama kumi wapwa zake wawili wakaja kutoka Kakesio na punda, wakampakia vitu vyake vichache, na asubuhi yenye ukungu wakaondoka naye. Kuna jambo moja la asubuhi ile ambalo nitalisema, lakini acheni kwanza nimalize haya mengine.

Mvua ikanyesha. Ilinyesha siku tatu baada ya yeye kuondoka, ikanyesha vizuri, na lile shina lililochomwa likachipua. Yalitoka machipukizi manene, ya kijani kibichi, na kwenye kila jozi ya majani kukatoka miiba miwili iliyonyooka, mirefu kama sindano ya kushonea magunia. Ulikuwa kando ya njia, kila mtu alipita. Mzee Gwandu alipita, akasimama, akajiegemeza kwenye fimbo, akaendelea. Siku moja nilimwona Baba amesimama pale na jembe begani. Alikaa muda wa kutosha kuvuta sigara mbili, kisha akaja nyumbani akala chakula chake. Mwezi uliofuata ng'ombe wengine wawili wakafa upande wa pili wa kijiji, mbali kabisa na mti wowote, na bwana mifugo akaja akasema ni ndigana, josho lilikuwa halina dawa tangu mwaka jana na kupe walikuwa wamejaa. Watu walisikiliza. Hakuna aliyetaja jina la Nasieku, na hakuna aliyekwenda Kakesio kumwita. Nadhani kila mmoja alisubiri mwenzake aanze.

Nilikua, nikasoma, nikaolewa mbali, nikapata watoto. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Baba alifariki bila kujua, au ndivyo nilivyodhani. Mwaka juzi Mama aliumwa sana, nikarudi Mbulumbulu kumuuguza, na mchana mmoja nikimkanda miguu nikajikuta namwambia yote. Nilimwambia kuhusu kuku, koleo, miiba, sweta. Nilipofika kwenye kopo akafungua macho.

"La mafuta?" akauliza. "Lenye kifuniko kilichopinda?"

Mikono yangu ikasimama kwenye mguu wake.

"Nilikuwa nafagia asubuhi ile, kabla wazee hawajafika," akasema. "Nikalifungua. Nilikuwa nimeshaiona mikono yako siku nyingi, nilikuwa nasubiri tu useme umetoka wapi. Nikalitumbukiza chooni."

"Kwa nini, Mama?"

"Baba yako alikuwa ameshawaita. Nitoke na kopo, nimwaibishe mume wangu mbele ya wazee? Na wewe wangekufanyaje?" Akatafuta pumzi. "Nilisema moyoni, ni bibi mzee, hana mtu, atarudi kwao, atakaa vizuri. Nikajiambia hivyo. Hata baba yako, mti ulipochipua, alilala anageukageuka mwaka mzima. Hakuniuliza na sikumwambia."

Hakuomba nimsamehe, wala mimi sikumwomba. Nilimfunika miguu, nikamletea uji. Miezi miwili baadaye tukamzika kando ya Baba.

Watu wangu wa umri mmoja, mtaniambia nilikuwa mtoto, na mtu mzima alikuwepo aliyejua akanyamaza, basi mzigo ni wake. Mimi mwenyewe nilijaribu kujiambia hivyo njiani nikirudi kutoka mazishini. Lingenifaa sana neno hilo, kama si ile asubuhi.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala letu la mahindi, pale njia inapopinda, niwaone wakipita. Ukungu ulikuwa mzito. Punda wakatangulia, kisha mpwa mmoja, kisha Koko ameshika fimbo ambayo mpwa mwingine ameishika upande wa pili. Walipofika sawa na lile pengo la minyaa lililozibwa, pengo langu, Koko akasimama. Akawaambia kitu kwa Kimaasai, wakasimama nao. Akageuka upande wetu, na akanyoosha mkono mbele yake, kiganja kikitazama chini, kwenye kimo cha kichwa cha mtoto wa miaka tisa. Akasubiri.

Nilikuwa hatua tano kutoka pale. Kuku wetu alilia karibu na miguu yangu, na niliona uso wa Koko ukiinuka kidogo, alikuwa amemsikia. Mpwa wake alitazama huku na huku, hakuona mtu wa kubarikiwa, lakini hakumharakisha. Mkono ulikaa pale hewani. Nami nikiwa nimekunja vidole ndani ya sweta, nikausubiri uchoke, mpaka ukachoka, akaushusha.